Sufuria Mbili za Buluu

Ilinca alipoolewa na Gavril, kitu cha kwanza alichomwomba mama mkwe wake hakikuwa kabati wala blanketi. Aliomba debe la oti. Saveta alimtazama bibi harusi toka juu mpaka chini, akamgeukia mwanawe, akauliza, "Huyu kwao walikuwa wanamlisha kweli?" Maana katika milima ile ya Bukovina oti ni chakula cha farasi, na farasi wa nyumba ile, Suru, alikuwa na choyo na debe lake kuliko binadamu.

Mambo ya oti Ilinca aliyatoa kwa masista wa monasteri, alikokuwa akichuma uyoga kila kiangazi tangu alipomaliza shule ya msingi. Masista hao siku za mfungo hawagusi maziwa wala mayai, na siku za mfungo ukizijumlisha ni karibu nusu ya mwaka. Basi hukamua nafaka. Unapeleka oti kinuni zikobolewe, unaziloweka kidogo tu, unazisaga na maji baridi, unachuja kwa kitambaa bila kukamua kwa nguvu. Maji baridi na mkono mwepesi, hapo ndipo siri yote ilipo. Mara ya kwanza kupika kwa Saveta, Ilinca kwa woga alisahau yote mawili. Akatumia maji ya vuguvugu, akakamua kama anayefua soksi za mume, na kilichotoka kilikuwa mlenda mtupu. Gavril aliinua kijiko, mlenda ukamfuata mpaka kidevuni.

"Mke wangu," alisema, "hii si mimi ninayeinywa. Ndiyo inayoninywa mimi."

Saveta alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wiki iliyofuata maziwa yalitoka meupe, mepesi, yenye utamu wa mbali, na kicheko kikaisha taratibu. Ilinca akapika wali wa sukari na mdalasini. Akakaanga chapati za maji bila yai, nyembamba hata ukiishika dirishani unaona jirani. Akaponda viazi, akavilainisha kwa oti. Saveta aliendelea kuyaita maziwa ya farasi, ila asubuhi, akidhani hakuna anayemwona, aliyatia kwenye kahawa yake. Ilinca alikuwa akimwona. Alikuwa mtu wa kuona mambo na kunyamaza.

Kisha akazaliwa Catinca, na Kwaresima ya mwaka huo ikaja na sufuria mbili.

Ilikuwa hivi. Mama anayenyonyesha haruhusiwi kujitesa na mfungo, Baba Padri Ilarion alimwambia mwenyewe, tena kwa ukali, "Wewe kunywa maziwa, binti, mtoto hana dhambi za kufungia." Kwa hiyo nyumba nzima ilifunga isipokuwa Ilinca, na kila asubuhi Saveta alimkamulia ng'ombe, akaengua mafuta yote kwa ajili ya siagi ya Pasaka, akamwachia maziwa yake kwenye sufuria ya buluu barazani, penye baridi. Pembeni yake, kwenye sufuria ya buluu iliyonunuliwa siku moja na ile nyingine, yalikaa maziwa ya oti ya watu wote. Mifuniko ileile, weupe uleule. Ilinca akafunga uzi mwekundu kwenye sikio la sufuria ya ng'ombe, kipande cha uzi uleule aliomfunga mtoto mkononi kuzuia kijicho, na kwa wiki tatu hakuna aliyekosea.

Jumamosi ya wiki ya nne ilikuwa sadaka ya kumkumbuka Toader, baba mkwe wake, aliyetimiza miaka saba kaburini. Sadaka ya marehemu kwa watu hawa ni sahani ya chakula. Mwenye nyumba anakupa, anasema, "Kwa roho ya fulani," nawe unapokea, unajibu, "Mungu amsamehe," unakula. Usipojibu, au chakula kikiwa na kasoro, ni kama barua iliyorudishwa na posta: marehemu hajapata kitu. Na chakula chenye maziwa katikati ya Kwaresima si kasoro ndogo.

Alhamisi Saveta alimwita mkaza mwana, akamkabidhi mwiko mkubwa wa mti wa milimani uliokuwa ukipikia sadaka za nyumba ile tangu enzi za mkwewe mwenyewe.

"Safari hii mchuzi mweupe wa uyoga utapika wewe," alisema. "Toader alikuwa anaupenda. Usiniaibishe mbele ya wifi yangu."

Wifi yake ni Glicheria, dada wa marehemu. Kwa miaka saba Glicheria alikuwa amekula sadaka zote za kaka yake na kila moja akaikuta na jambo. Mara chumvi, mara mshumaa mfupi.

Ilinca hakulala vizuri siku mbili. Jumamosi asubuhi, Catinca akiwa mbelekoni kifuani akitafuna kila kilichopita karibu na ufizi wake, alikaanga unga kwa mafuta, akamimina sufuria ya barazani, akakoroga na ule mwiko mpaka mchuzi ukawa mzito, laini, mweupe kama theluji iliyokuwa inayeyuka uani. Akatia uyoga, kitunguu saumu, pilipili manga. Alionja, akajikuta anatabasamu peke yake. Ulikuwa umetoka.

Watu wakarudi kutoka kanisani na matope yao. Wanaume walibaki uani na farasi, wanawake kumi na wawili wakajaa ndani. Saveta akapakua ugali wa njano, mchuzi mweupe juu yake, akaanza na wifi yake kama heshima inavyotaka.

"Kwa roho ya Toader."

Glicheria hakujibu. Alichovya kijiko, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena, mara hii kijiko kikajaa zaidi. Kisha akaiweka sahani mezani kama mtu aliyekuta nyoka.

"Wifi," alisema, "haya ni maziwa."

"Ni oti, shangazi," Ilinca akasema.

"Oti naijua mimi, nimefuga farasi miaka arobaini. Haya ni maziwa ya ng'ombe. Utamu wa maziwa ya ng'ombe mimi siusahau."

"Wiki ya nne ya Kwaresima," Saveta akasema polepole, "na bado hujausahau, wifi? Mimi ulimi wangu ulisahau tangu wiki ya kwanza. Mwenzetu unaukumbushaje?"

Wanawake wawili walikohoa kwenye leso. Glicheria akawa mwekundu, lakini hakurudi nyuma. "Nichekeni mkimaliza kumlisha kaka yangu dhambi. Humu ndani kuna mtu mmoja anayekunywa maziwa, na ndiye aliyepika."

Sahani zikawekwa mezani moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesema Mungu amsamehe.

Ilinca alifungua kinywa aeleze habari ya uzi mwekundu, na hapo hapo akamtazama mtoto. Catinca alikuwa anatabasamu, mate yanamtiririka, na katikati ya mate palikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Ilinca akashika mkono wa mtoto haraka. Uzi wa kijicho ulikuwepo. Basi ule wa mdomoni ulikuwa wa sufuria.

Uliondolewa lini? Kabla hajamimina au baada? Alijaribu kuyakumbuka mambo ya asubuhi, akakumbuka mate, mvuke na wimbo aliokuwa anambembelezea mtoto. Alikuwa amemimina sufuria isiyo na uzi, ndiyo. Lakini kama mtoto alikuwa ameshaunyakua, zote mbili hazikuwa na uzi.

"Mama," alimnong'oneza Saveta, akimwonyesha. "Sijui tena."

Saveta aliutazama uzi, akamtazama mjukuu wake. "Mwizi wewe," alimwambia Catinca kwa upole. Kisha akasema kwa sauti, "Tulieni. Sufuria moja imepikwa, nyingine iko barazani imejaa. Ikiwa iliyobaki ni ya ng'ombe, tulichopika ni oti, na mtakula mmalize. Ikiwa iliyobaki ni oti..."

Sufuria ikaletwa. Wanawake wakaizunguka kama wanaotazama mtoto mchanga. Nani aonje? Hakuna anayeruhusiwa kuonja ila mmoja. Ilinca akaonja.

"Ni ya ng'ombe."

"Mshtakiwa tangu lini akawa shahidi?" Glicheria akasema.

"Nusa basi, wifi."

"Pua yangu imeziba toka Jumatano."

Mmoja akasema aitwe paka. Paka akaitwa, akamiminiwa kwenye kisahani, akanywa yote na kulamba masharubu. Furaha ikaanza, mpaka mwanamke wa pili akakumbuka kwamba paka huyo wiki iliyopita alikunywa maji ya kabichi chachu, na kabla ya hapo nta ya mshumaa. Ushahidi wake ukatupwa.

"Jikoni," Saveta akasema. "Moto haudanganyi. Ng'ombe atapanda, oti itaganda kuwa uji."

Sufuria ikawekwa juu ya jiko la kuni, na wanawake kumi na wanne wakasimama kuikodolea macho. Kawaida nyumba ile ukiacha maziwa yafurike unasemwa mpaka Pasaka. Leo kila mtu alikuwa anayaombea. Ilinca alimkumbatia mtoto, midomo imegusa kichwa chake chenye joto, akawaza jinsi atakavyourudisha ule mwiko. Je, autie mkononi mwa mama mkwe au auache tu mezani?

"Inaganda," Glicheria akasema.

"Hiyo ni ngozi ya juu."

"Uji huo."

"Wifi, utakula maneno yako kabla hujala ugali wako."

"Ongeza kuni."

"Usiongeze, yataungua."

"Yaungue. Ongeza."

Bibi mmoja mzee akaanza sala chini chini, na Ilinca aliposikiliza akagundua kwamba ile ni sala ya kuombea mvua. Ngozi ya juu ikatetemeka, ikajikunja pembeni, ikatulia. Ikatulia muda mrefu mno. Kisha katikati ikavimba kidogo, kama shavu la mtoto anayetaka kupuliza, ikavimba zaidi, na maziwa yakapanda yote kwa mpigo, yakafika ukingoni, yakafurika juu ya jiko kwa mlio wa shshsh na moshi mpaka dari.

Kelele iliyotoka humo ndani ilimtia hofu Suru uani akakata kamba. Wanawake walikumbatiana. Bibi wa sala ya mvua alikuwa anaruka, au kitu kinachofanana na kuruka. Saveta, ambaye hajapata kuacha tone limwagike, alisimama mbele ya jiko lake lililochafuka akipiga makofi. Ilinca alicheka na kulia kwa pamoja, na Catinca, kwa kuona watu wazima wamepagawa, akacheka kicheko kikubwa cha kwanza maishani mwake, kile cha tumboni, jambo lililowafanya wote waanze upya.

Mlango ukafunguka. Baba Padri Ilarion, aliyechelewa kwa sadaka ya nyumba nyingine, alisimama kizingitini, akavuta hewa puani.

"Nani," aliuliza, "anaunguza maziwa Kwaresima?"

Kila aliyejaribu kumjibu alicheka zaidi. Mwishowe Saveta alijifuta macho, akachukua sahani ya Glicheria iliyokuwa imepoa, akaimwagia mchuzi mwingine wa moto, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kwa roho ya Toader."

Glicheria aliipokea. Alitazama chini, akatazama jiko lililokuwa bado linafuka moshi, akatazama mtoto.

"Mungu amsamehe," alisema. "Na mimi pia, wiki hii nina mengi." Kisha akakaa, akala bila kupumzika. Sahani zote zikaitikiwa, moja baada ya nyingine, sauti kumi na mbili za wanawake na moja nene ya padri, na Ilinca alizihesabu zote kimoyomoyo asikose hata moja. Padri alirudia sahani mara mbili. Glicheria alirudia mara tatu, na mara ya tatu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama maji ya kusagia yanakuwa ya moto.

"Baridi, shangazi," Ilinca akasema. "Na usikamue kwa nguvu."

"Nani amesema nitakamua? Nauliza tu."

Watu walipoondoka, Ilinca alikuwa anakwangua jiko. Alikuwa ameuosha mwiko, akaukausha, na sasa akamnyooshea mama mkwe wake. Saveta hakuupokea. Alikwenda kwa Catinca, akamnyang'anya ule uzi wa sufuria uliolowa mate, akatoka nao barazani na kuufunga kwenye sikio la sufuria ya ng'ombe, iliyokwisha kurudishwa pale, mafundo mawili, la tatu akalikaza kwa meno.

"Na ile ya farasi, Mama, tuiwekee alama gani?"

"Ile haihitaji alama," Saveta akasema. "Itanyweka kabla haijapata muda wa kusahaulika. Tena kesho saga ya kutosha, wifi atakuja na chombo, utaniambia." Akageuka mlangoni. "Mwiko utundike upande wako wa jiko."