Mbelewele Nyuma ya Nyumba

Kule Bukavu mahindi tulikuwa tunayanunua sokoni, yamechomwa au yamesagwa tayari. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tumejifunza kuyapanda, mistari michache nyuma ya nyumba hadi chini ya dirisha, kwa sababu posho haitufikishi mwisho wa mwezi. Na mahindi hayo hayo ndiyo yanayomnyonga mke wangu. Yakitoa mbelewele kileleni, ule unga wake wa njano ukaanza kupeperuka, macho yanamvimba, kifua kinabana, na cherehani yake inanyamaza.

Zamani tulivumilia, msimu ulikuwa mfupi. Siku hizi mvua imekosa adabu. Mwaka jana ilinyesha, watu wakapanda, ikakatika, miche ikaungua. Kila mtu akapanda upya kwa wakati wake, sisi wa mwisho, maana mbegu tulizipata kwa shida. Basi kambi nzima ikachanua kwa zamu, na mke wangu hakupata nafasi ya kupumzika. Nikampeleka Lilongwe. Daktari akatuambia ni maua ya mahindi na nyasi, na kwamba mvua zikivurugika hivi, kuugua nako kunarefuka. Akaandika pompe, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo. Tuliipata Old Town, karibu na soko la Tsoka, ikaisha kabla mahindi yetu hayajachanua.

Mahindi yetu yalipochanua, ya wenzetu yalikuwa yameshakauka. Tukajiona wajanja. Alijifunga kitenge puani, tukachukua mkasi wake wa kushonea, tukakata mbelewele zote huku tukicheka. Siku zile alilala vizuri, nikafurahi kweli.

Wakati wa kuvuna tulimenya magunzi matupu. Jirani yetu, mama Mrundi aliyekulia shambani, alitutazama kwa huruma.

"Mulikata dume," akasema. "Sasa jike ingezala na nani?"

Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Tulikula mara moja kwa siku, watoto wakaacha kuulizia chakula cha jioni.

Mwaka huu tulipanda tena. Mbelewele zilipotoka nilichukua mkasi, kichwa kigumu hiki, mke wangu akaninyang'anya.

"Usikate," akasema. "Batoto bakule. Mi nitapumua kidogo kidogo."

Dirisha tumeliziba kwa kitenge kilicholoweshwa maji. Yuko ndani, ameketi wima kitandani, maana akilala anakosa pumzi, na namsikia hadi huku nje. Mimi nasimama kati ya mistari, nayapapasa mahindi kuona kama yanashika punje. Mwaka huu yanashika vizuri sana.