Minyororo ya Kandambili

Harufu ya gundi ilinipokea mlangoni kwa kaka yangu, pale Kamembe. Yeye na mwanawe walikuwa mezani wakiunganisha gari dogo la plastiki, gari la vita la Wajerumani wa zamani, lenye magurudumu mbele na minyororo nyuma kama ya tingatinga.

"Na miye nilitengenezaka moya sawa hii, na makopo," alimwambia mtoto. "Bageni bote balishangaa."

Ni mimi niliyelitengeneza. Nililiiga kutoka picha ya gazeti kuukuu la mapadri, nikakata makopo ya nyanya kwa kisu cha jikoni hadi vidole vikatoka damu. Minyororo niliichonga kutoka kandambili zangu mwenyewe. Mgeni wa Bukavu alipolisifu, Papa, baba yetu, alijibu, "Ni kazi ya kijana wangu." Kaka akatabasamu. Mgeni alipoondoka, Maman akanichapa kwa ajili ya kandambili.

"Na minyororo, ulitengenezaka na nini?" nilimuuliza.

Alikuna kichwa. "Ayi, dada, nilishasahau."

Lazima asahau. Si yeye aliyekwenda misa pekupeku mpaka Pasaka.