Mshipa Usiosikia Amri

Miaka ile dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, mimi nilikuwa na bucha Nyamwaga. Wenzangu walishuka mashimoni, mimi nikawauzia nyama, na sikujuta. Kaka yangu alikuwa mchimbaji. Sigara haikumtoka mdomoni. Alisema inamtoa baridi ya shimoni.

Kila kulipokaribia kucha, kifua kilimbana. Tulilala nyumba moja, nikimsikia anavyohangaika na pumzi. Nikimuuliza, ananiambia niache umbea. Robo saa baadaye anakunywa chai, anabeba sururu, anapanda mlima kama hakuna kitu. Hilo ndilo lililoninyima raha. Moyo gani huo unaoweza mlima lakini unashindwa kitanda?

Nikamburuta hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamwamkia shikamoo, akamuuliza, "Baba, kifua kinabana?"

"Hakibani."

Jamani! Na kipimo cha moyo nacho kikatoka safi. Sisi Wakurya, siku ya kutahiriwa kisu kinapita na mwanaume hakunji uso. Kaka hakuukunja siku ile, wala hakuona sababu ya kuanza uzeeni.

"Anakudanganya," nikamwambia daktari. "Kinambana kila alfajiri."

Daktari akachora bomba kwenye karatasi. Mshipa unaolisha moyo, alisema, una utando mwororo kwa ndani, na msuli umeuzunguka. Utando ndio huuambia msuli ulegee. Moshi wa sigara ukiuchakaza, msuli hauna wa kuutuliza. Unajikaza wenyewe, hasa alfajiri, na damu inakosa njia. Baadaye unalegea, kipimo kinakuta kwema.

"Nitamlaza," akasema. "Kifua kikimbana, amwambie nesi papo hapo tumpime. Akinyamaza nitakosa jibu, na siku moja huo mshipa unaweza usilegee."

Nilirudi buchani na hofu tupu. Lakini nisingekuwa mimi kama nisingechungulia. Nikachukua moyo wa ng'ombe, nikaufuata mshipa ndani ya mafuta, nikaupasua. Ndani kidole kiliteleza. Nje ukuta mgumu, ukiuvuta unarudi. Mteja aliyeuagiza moyo ule alinitukana, na alikuwa na haki.

Kipande kile nilikifunga kwenye karatasi, nikampelekea kaka wodini jioni. Akakigeuza kiganjani, akakibonyeza.

"Mura, mwanaume wewe," nikamwambia, "hiki ndicho kinachokubana. Uso wako unautawala, sawa. Hiki hakipokei amri yako."

Alinirudishia mshipa, akageukia ukutani. Nililala sakafuni karibu naye.

Alfajiri nikaamka. Kaka ameketi, jasho linamtiririka, uso mkavu kabisa. Nesi akapita. "Baba, vipi?"

"Salama."

Nesi akaondoka. Nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo. Nikisema mimi, atakana, nilimjua. Nesi alikuwa amefika mlangoni.

"Binti," kaka akaita. Sauti haikuwa yake. "Inauma."

Wakambandika nyaya, karatasi ikaanza kutoka, na safari hii mistari ilipanda hadi daktari akaita wenzake. Wakampa kidonge chini ya ulimi. Mshipa ukalegea, na kaka akalia, mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Mimi nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe, ndugu yangu akiwa anaumwa vile.

Akanishika mkono. "Usiwaambie wa shimoni," akasema.