Sketi Inayogusa Sakafu

Wazazi wetu walikufa Jiddah, baba kwanza, mama akafuata, na mkubwa nilikuwa mimi. Nikaacha skuli. Hakuna aliyeniambia niache. Shangazi alinitazama tu, akanisogezea cherehani ya mama, nami nikaketi. Tulikuwa watatu pale mtaani Ruwais: mimi, ndugu yangu wa kiume, na mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyekuwa bado anavaa viatu kinyume. Niliapa kwamba huyo atasoma mpaka amalize.

Miaka ile bei ya mafuta ilikuwa imepanda na mji mzima ulikuwa ukivunjwa ili ujengwe upya. Nilishonea mabibi wa mtaa wa Rawdah miaka kadhaa, na mmoja wao ndiye aliyenitafutia kazi Riyadh kwa familia ya Kimarekani. Walitaka mwanamke wa kushona na kusaidia nyumbani, anayejua Kiingereza kidogo. Cha kwangu kilikuwa kidogo kweli. Ndugu yangu akanisindikiza kwa basi, tukateremka mtaa wa Malaz asubuhi, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope.

Wamarekani wale walikuwa Wamormoni, Wakristo wa madhehebu yao wenyewe. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Hawakunywa pombe, hawakuvuta sigara, na hata chai na kahawa hazikuingia nyumba ile. Ijumaa watu wa dini yao walikuja wakasali sebuleni, mapazia yamefungwa, wakiimba kwa sauti ya chini isifike barabarani. Mara moja kwa mwezi walifunga, wakaacha milo miwili. Madam na mumewe walivaa ndani ya nguo zao nguo nyeupe za ibada, zinazofika magotini, nami niliambiwa nisizianike juu ya paa bali chumbani.

Nilipokwenda Jiddah likizo nikamsimulia shangazi. Alicheka mpaka akashika ubavu.

“Hawanywi pombe, wanafunga, wanajisitiri! Mwanangu, si uwasilimishe tu?”

“Chai hawanywi, shangazi.”

“Chai? Basi waache huko huko waliko.”

Nyumbani kwa Wamarekani wale alikuwapo binti mmoja, miaka kumi na mitano. Kaka zake walibaki Marekani wakisoma. Alikuwa amejaa mapema, kifua na nyonga, umbo ambalo kwetu lingemfanya kila mama mwenye mtoto wa kiume aulize ni wa nani. Mwenyewe alitembea kama aliyebeba kitu cha wizi. Aliniuliza mdogo wangu ananiitaje. Nikamwambia, dada. Tangu siku hiyo na yeye akaniita dada.

Kila Ijumaa kabla ya ibada, madam alimwita sebuleni. “Piga magoti.” Binti alipiga magoti kwenye marumaru, nami nikiwa kando na pini mdomoni. Sketi ikigusa sakafu, ni ya heshima. Isipogusa, niifumue pindo niiteremshe. Madam aliniambia mama yake mwenyewe alimpima hivyo hivyo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza jinsi kwao wanavyopika mkate.

Ijumaa moja, mke wa mmoja wa waumini alimvuta madam pembeni, karibu na mlango wa jikoni nilipokuwa naosha vikombe. Alisema blauzi ya binti inabana. Alisema mumewe ameiona. Basi. Hakusema mumewe alikuwa akitazama nini kwa mtoto wa watu wakati wa sala.

Wageni walipoondoka, madam aliniletea nguo zote za binti. “Zipanue. Zote.” Kisha akamgeukia mtoto, akamwambia msichana anayejionyesha anamwangusha mwanamume, na dhambi ya kuanguka wanagawana. Binti alikuwa amesimama na blauzi ile ile, mikono ameikunja kifuani.

“Sikujionyesha,” alisema. “Nilikuwa nimekaa tu.”

Madam hakuwa mtu mbaya. Nilimwona asubuhi akisimama ubavu mbele ya kioo, akivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Alikula nusu ya balungi na yai moja. Mumewe akiwa mezani humwambia kwa kicheko, “Kipande kimoja kinatosha, mpenzi,” naye hurudisha mkate sahanini akicheka pia. Alipenda kusema kwamba mwili ni hekalu. Sijapata kuona mtu aliyeliogopa hekalu lake namna ile.

Nikapanua nguo. Nilitia vipande ubavuni, nikateremsha mabega, nikapandisha shingo. Zikawa kama abaya zenye maua. Binti akazivaa. Siku nyingine alishika abaya yangu iliyotundikwa nyuma ya mlango.

“Una bahati, dada. Ukiivaa hii hakuna anayejua kama uko ndani.”

“Mimi najua,” nikamwambia.

Akacheka kidogo. Baada ya hapo akaanza kufunga.

Kwanza alifunga siku yao ya mwezi. Halafu Jumatatu. Halafu Jumatatu na Alhamisi, na mimi moyoni nikasema, mtoto huyu amezijua siku zetu za saumu ya sunna bila kufundishwa. Kwetu aliyefunga hasumbuliwi. Huweki chakula mbele yake, hunukishi vitunguu karibu naye, humwombi aonje. Nilimheshimu. Mama yake naye alijivuna, akawaambia wenzake wa Ijumaa kwamba binti yake amepata roho ya ibada. Wakamsifu. Yule mke wa muumini akambusu shavuni.

Lakini saumu ina magharibi yake. Hata Ramadhani ya jua kali, unajua saa inakuja utakapoinua tende. Nilikuwa nikimtazama binti yule jua likizama nyuma ya majengo mapya ya Malaz, adhana zinapokezana, naye yuko chumbani kwake na glasi ya maji. Nikamfuata.

“Utafuturu lini?”

“Nikimaliza.”

“Ukimaliza nini?”

Akanionyesha kifua chake, akapitisha kiganja juu yake kama anayepangusa meza.

Ijumaa iliyofuata akaitwa sebuleni. Akapiga magoti. Sketi, ambayo sikuwa nimeigusa, ilimwagika sakafuni pande zote, kwa sababu hapakuwa tena na nyonga ya kuishikilia. Ilikuwa imeteremka.

“Unaona?” madam alisema, na uso wake ulijaa furaha. “Sasa inagusa vizuri.”

Nikatoa pini mdomoni. “Madam, sketi ni ile ile. Mtoto ndiye anayekwisha.”

“Amekuwa mwembamba, ndiyo,” alisema. “Umri wake ni huo.” Na nilisikia katika sauti yake kitu ambacho nisingependa kukisikia kwa mama, kijicho kidogo, kama cha mtu aliyejaribu akashindwa. “Mimi sijawahi kuwa na nidhamu hiyo.”

Nilimwambia tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilimpikia binti uji wa maziwa na hiliki, nikakaa naye mpaka ashike kijiko. Alikishika. Alikuwa na adabu sana. Uji niliukuta baadaye ukiwa ndani ya chungu cha ua. Nilipomwambia bwana, aliniambia kwa upole kwamba mambo ya wanawake aachiwe madam. Chini ya nguo nilizozishona mimi hakuna aliyeweza kuona kitu, na kazi ya nguo hizo ilikuwa ndiyo hiyo.

Binti alianguka bafuni. Daktari alipomfungua kola, madam alikuwa amesimama pale, nami nimeshika taulo. Mifupa ya shingo ilikuwa imesimama kama mpini. Madam alitazama, akafumba macho, halafu mkono wake ukaenda wenyewe ukaifunga tena ile kola.

Daktari alisema apelekwe kwao. Kabla ya safari madam aliniomba gauni moja la mwisho, shingo juu, mikono mpaka vifundoni. “Bibi yake atakuja uwanja wa ndege,” alisema. “Asimwone hivi.” Nikalishona. Binti aliponiaga alinikumbatia, na ilikuwa kama kukumbatia kitanda cha kamba. “Kwaheri, dada.” Bwana alikatisha mkataba, wote wakaondoka. Sikupata habari yake tena, na nimeacha kuingoja.

Madam aliniachia mfuko wa nguo za binti ambazo sikuzipanua; kumbe siku ile hakuniletea zote, nyingine alikuwa amezificha. Nguo nzuri. Nikarudi nazo Jiddah.

Mdogo wangu alikuwa amefika umri ule ule. Alizipokea kwa vigelegele, akavaa moja, akasimama ubavu mbele ya kioo cha shangazi. Akavuta tumbo ndani.

“Dada, nimenenepa?”

“La.”

“Hapa je? Wenzangu skuli wanasema nina nyonga za mke wa mtu.” Akazuia pumzi. “Nipunguzie hapa kiunoni. Nitajitahidi inienee.”

“Sipunguzi,” nikasema. “Njoo ule.”

“Nimefunga leo.”

“Leo Jumamosi.”

“Nalipa za Ramadhani,” alisema, bila kunitazama.

Siku ya tatu niliiona ile nguo juu ya kamba ikikauka. Kiuno kilikuwa kimetiwa ndani. Nilimfundisha mwenyewe kushona, tangu mikono yake haijafika kwenye gurudumu la cherehani. Mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, umenyooka, hauonekani.