Lafudhi ya Miaka Miwili

Binamu yangu alikaa Dar es Salaam miaka miwili akiuza mitumba, kisha akarudi Sumbawanga na lafudhi ambayo hata wenye mji ule wangeiona kichekesho. Alizaliwa Namanyere, akalelewa kwa Kifipa, akachapwa shuleni kwa kuongea Kifipa. Sasa kila neno alilivuta mpaka likachoka.

"Mambo vipi, mshikaji? Hapa kwenu baridi saana."

Kwenu! Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, hukohuko Dar, na nilijua kwamba wenzake Kariakoo walimwita wa bara kila alipofungua mdomo.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara ya mahindi, na kila mwenye lori akawa mnunuzi. Tajiri mmoja alimpa binamu kazi ya kukusanya mahindi vijijini. Akijaza lori, angebaki wakala wake Ufipa, asipojaza, basi. Naye alikuwa na mchumba Namanyere, ambaye wazazi wake walishasema hawamtoi kwa mtu asiye na kazi.

Nilifuatana naye hadi Kasense kwa udadisi tu. Nyumba ya kwanza tulimkuta bibi mmoja akipepeta ulezi. Kwetu mtu hakurupuki na shida yake. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizia watoto na shamba, ndipo unasema kilichokuleta. Binamu alisimama wima, miwani ya jua usoni.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mzigo upo? Tuna haraka, ati."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe, baba?"

"Natokea Dar."

"Basi mahindi hayapo."

Kihenge cha mahindi nyuma yake kilikuwa kimejaa hadi juu. Nikamnong'oneza binamu aongee Kifipa.

"Mi siyo mshamba, bwana."

Nyumba zilizofuata zikawa vilevile: mahindi yanaonekana, wenyewe wanasema hayapo.

Jioni tuliporudi kwa yule bibi, tulimkuta kijana wa Kisukuma, ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe. Alikuwa amechuchumaa, anapiga makofi, anaongea Kifipa kibovu ajabu. Bibi na akina mama wa jirani walimrekebisha, wakacheka, wakamfungulia kihenge. Nilitazama debe lake la kupimia. Kitako kilikuwa kimegongwa kikatokeza nje ili limeze zaidi. Nikamwonyesha bibi.

"Naliona, baba," akasema. "Lakini huyu ametusalimia."

Hao ndio ndugu zangu. Mwizi mwenye adabu wanampakilia mzigo wenyewe.

Tajiri alipofika alikuta lori halijajaa hata nusu, na kando yake Msukuma anashona magunia yake yaliyojaa.

"Nilikuchukua kwa sababu wewe ni Mfipa," akamwambia binamu. "Wanaoongea kama wewe ninao tele Dar."

"Lakini bosi, si unajua watu wa huku..."

Tajiri alishamgeukia Msukuma. "Kijana, vijiji vingine unavijua?"

"Navijua mpaka Muze, mzee."

"Panda."

Ndipo binamu akanishika mkono na kunisihi, kwa Kifipa, mara ya kwanza tangu arudi, nimwombee kwa tajiri, nimweleze habari ya mchumba. Hata Kifipa chenyewe alikivuta. Nikautoa mkono wangu. Lori liliondoka, na Msukuma amekaa mbele.