Mchanga wa Madrasa ya Babu

Nilipouandika ule ukurasa mmoja, sikudhani kuna mtu atakayeupokea kama agizo.

Ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwetu Mawaleh, hapa Maskati. Wanawake wenye asili ya kisiwa kimoja hukutana kwetu kila mwezi kwa kisomo. Ni kisiwa kidogo, ng'ambo ya Unguja, na wengi wetu wa umri wangu tunakijua kwa masimulizi tu. Mimi nimefika mara moja, nikiwa na miaka tisa, kwa siku mbili, na moja katika hizo nilikuwa na homa. Dua ikishaombwa, kahawa hupita na halwa, na hapo ndipo habari za huko zinapoanza: nani kaoa, nani kaanguka mnazini, nani kauza shamba la wenyewe.

Siku hiyo Bibi alikuwa na neno. Alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo aliweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimwinua, ataijenga upya madrasa aliyosomea babu yangu, na watoto wawe wanasoma ndani yake kabla ya Ramadhani mbili kupita. Sasa alikuwa ameinuka, anatembea bila fimbo, na fedha ya mikononi mwake haikutosha. Aliniomba niandike kitu cha kuwasomea wenzake, kwa kuwa mimi, alisema, ndiye mwenye maneno.

Nikaandika. Nilieleza kwamba babu hakuwa na ubao, akajifunza alifu yake kwa kidole, kwenye mchanga wa pwani. Nikausifu mchanga huo, weupe wake, na ubaridi wake chini ya miguu hata adhuhuri. Mwisho nikasema: "Na kuta za madrasa hii zikandwe kwa mchanga ule ule uliomfunza." Niliona nimepatia. Wanawake walilia, wakachanga. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Shangazi yangu alikuwa amenirekodi kwenye simu yake. Akaitia sauti yangu katika grupu la ukoo, na kutoka huko ikamfikia fundi wetu wa kule kisiwani.

Lazima nieleze jinsi sisi wa Maskati tunavyojenga kwetu. Tunajenga kwa sauti. Kiwanja hatujakiona, lakini kila mmoja ana lake la kusema, na tunalisema kwenye simu tukiwa tumekaa kwenye foleni ya magari: dirisha lihamie upande wa upepo, mlango upanuliwe, choo kisielekee kibla. Yule fundi ametumikia familia zetu miaka mingi na amejifunza kutobisha. Hapo nyuma alikuwa akileta mchanga wa mashimo, si wa pwani, kwa mashua kutoka Unguja. Aliponisikia nikisema kuta zikandwe kwa mchanga wa pwani, hakuuliza. Alichukua majembe na watu wake wakashuka pwani.

Hayo hatukuyajua. Sisi tulikuwa tukiletewa picha tu. Msingi. Kozi ya tatu ya matofali. Bibi aliziangalia kwa miwani yake ya kusomea, akikuza kila picha mpaka ikawa vumbi, akitafuta dirisha la kibla.

Kisha asubuhi moja ukaja ujumbe wa sauti kutoka namba tusiyoijua. Bibi alikuwa jikoni anapaa samaki aliowanunua kwa wavuvi wa Sidab, na mikono yake imejaa magamba, basi nikamfungulia mimi.

"Asalaam alaykum, Bibi. Shikamoo. Mimi ndiye mwalimu wa madrasa yenyewe mnayotujengea. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, usije ukaniona sina adabu."

Alikuwa mwanamke wa makamo kwa sauti, mwenye kupanga maneno kama anayesomesha. Alisema tangu zamani watu wa kijiji walikubaliana kwamba mchanga wa pwani hauchukuliwi. Anayejenga anaagiza wa nje. Hapakuwa na askari wala kibao, ilikuwa haya tu. Lakini fundi wetu aliposhuka na majembe, walinyamaza. Nani atasimama kuizuia nyumba ya Kurani? Nyuma yake akaja mwenye kujenga nyumba ya wageni. Nyuma ya huyo wakaja wanaojaza viroba na kuvipakia kwenye mashua alfajiri. Wakizuiwa, wote wana jibu moja: mbona wa Maskati wamechimba?

"Sasa Bibi, pwani ina mashimo yanayomeza mtu. Mikadi inaanguka mizizi juu. Kisima cha chini kimeanza kuonja chumvi. Na kasa wanapanda, wanafika pale palipokatwa kama ukuta, wanageuka, wanarudi baharini na mayai yao. Tumewaona kwa macho yetu."

Alisema wanawake wa mwani na wa pweza wamekaa njiani kwa zamu. Wametandika mikeka yao kutoka ukingo hadi ukingo, magari ya ng'ombe yasipite. Wamekwenda kwa sheha, na sheha ameitisha mkutano. Walitaka kitu kimoja tu: Bibi aseme, kwa sauti yake, kwamba hakumpa mtu ruhusa ya kuchimba. Wataicheza kwenye kipaza sauti, kila mtu asikie.

Bibi aliinua kisu kutoka kwenye samaki. "Rudisha nyuma. Hapo pa kasa."

Nikarudisha. Akasikiliza mara tatu.

Dada anayetusaidia nyumbani, mtu wa Tanga, alikuwa akiosha mchele. "Na tena Bibi, mchanga wa bahari una chumvi," alisema. "Baba yangu fundi, hawezi kuugusa. Unakula nondo ndani kwa ndani. Miaka michache tu, khalas, ukuta unapasuka."

Niliyadaka maneno yake kama aliyetupiwa kamba. "Basi Bibi, tuseme hivyo! Tuseme mchanga umeonekana una chumvi, haufai, tumeacha. Hakuna atakayefedheheka."

"Na usingelikuwa na chumvi?" Bibi aliuliza.

Akakipangusa kisu.

"Usingelikuwa na chumvi, ningechukua? Hilo ndilo n'naloulizwa. Si nondo."

Shangazi alikuja jioni ile, akaisikia habari akiwa bado hajavua viatu. "Mama, kuta zimesimama. Imebaki plasta, sakafu na bati. Na mchanga wa kumalizia umeshachimbwa, umerundikwa pale pale uwanjani. Tumalize kwanza, halafu waseme wasemayo. Mtu ana nadhiri shingoni, wao wanamwambia kasa!"

"Lakini shangazi," nikasema, "si sisi tuliowapeleka watoto kule mashariki ya nchi hii kuwaona kasa wanataga? Tuliambiwa tuzime hata simu. Wewe mwenyewe ulimpiga kofi mwanao kwa kukohoa."

"Kule kuna serikali inayowalinda."

"Na kwetu kuna wanawake na mikeka."

"Wewe nyamaza. Mchanga huu ulianzia mdomoni mwako."

Ilikuwa kweli. Nimeishi kwa kuamini kwamba neno zuri halidhuru mtu, kwamba baya lake kubwa ni kusahauliwa. Sasa nilikuwa na pwani yenye mashimo, na nilikuwa nimeichimba kutoka kwenye kochi la Mawaleh, kwa sentensi niliyoipenda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwahi kuuliza. Niliusifu mchanga kama msichana wa kwenye picha, bila kujiuliza unafanya kazi gani pale ulipo, nani anautegemea.

Siku tatu Bibi alisali, akala kidogo, akaulizia tarehe. Ramadhani, ile ya pili ya nadhiri yake, ilikuwa imebaki wiki sita. Mchanga wa kuagizwa hauwezi kufika kwa muda huo. Msimu ule mashua zilikuwa chache na fundi alishasema hivyo. Rundo la uwanjani ndilo pekee lililokuwa kati ya Bibi na ahadi yake kwa Mungu.

Siku ya nne aliniita chumbani, akaniambia nishike simu nimrekodi.

"Waalaykum salaam, mwalimu. Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyetaka madrasa ijengwe. Ruhusa ya kuchimba ilitoka kwangu, kwa kinywa cha mjukuu wangu, na mimi nilimsikia na nikafurahi. Siwezi kusema sikuitoa. N'nachosema ni kuwa sikuwa nayo ya kutoa. Mchanga si wangu. Leo naiondoa. Asiseme mtu tena wa Maskati wamechimba, aseme wa Maskati wamekosa na wameacha. Na ule uliorundikwa uwanjani, nawaomba muurudishe pwani. Wote. Nisameheni."

Niliondoa kidole. "Bibi, la kurudisha hawakuliomba."

"Najua. Wameona haya."

"Na nadhiri?"

"Sikiliza. Sadaka ya babu yako siwezi kuipaka kwa kitu cha watu." Kisha akaniangalia kama anavyomwangalia muuza vitambaa anayetaka kumpunja. "Na wewe utasoma tena. Ijumaa, mbele ya wale wale."

Niliandika kurasa mbili. Ndani yake bahari ilikuwa inalia na kasa walikuwa akina mama waliofukuzwa nyumbani. Nilimsomea Bibi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mimi sijamsikia aliyekosa. Yuko wapi humo?"

Nikatoa kasa. Nikatoa bahari. Kila nilipomsomea alitikisa kichwa, na kila nilipofuta nilihisi navuliwa nguo. Zikabaki sentensi nne.

Ijumaa nilizisoma nikiwa nimesimama. Nilisema kwamba niliusifia mchanga nisioujua, na kwa maneno yangu pwani ikachimbwa. Nikasema madrasa imesimama hapo ilipo na haitamalizwa kabla ya Ramadhani. Nikasema wanaojenga huko waulize mchanga wao unatoka wapi. Nikawaomba radhi. Safari hii hakulia mtu. Kijiko kiliangukia sahani, na mwenye kijiko akaomba samahani kwa kijiko.

Halafu mama mmoja mnene wa upande wa dirishani, anayemjengea binti yake, akapaza sauti: "Ehe, na mimi je? Nyumba yangu iko kwenye lenta, juu ya milango!"

Wengine wakacheka, kicheko cha watu ambao nao wana lenta.

"Mwambie fundi wako," Bibi alisema.

"Nimwambie nini?"

"Hayo hayo uliyoyasikia."

"Atasema nimerukwa na akili. Juzi nimemgombeza anachelewa!"

"Basi mgombeze tena, lakini kwa hili."

Mama yule alijiinua kwa shida, akatoka barazani na simu yake. Tulimsikia wote kupitia dirishani, akipiga kelele kama watu wanavyompigia kelele fundi aliye mbali, kana kwamba simu ni bomba refu: "Nasema acha! Wa pwani sitaki! Ndiyo, najua nilisema haraka! Agiza wa nje, nitangoja!" Wawili wengine walimfuata. Waliobaki walikunywa kahawa yao wakitazama zulia. Shangazi alikusanya vikombe, hata ambavyo havijamalizwa.

Wiki iliyofuata mwalimu alituletea video. Wanawake wamejipanga kutoka uwanja wa madrasa hadi pwani, wana makarai na mabeseni vichwani, wanaimba, na mchanga unarudi. Walichekana sana. Mmoja aligeuka kwenye kamera akasema, "Bibi, huu mzito kurudi kuliko ulivyokuja!" Pale mkutanoni sauti ya Bibi ilichezwa mara mbili, na mwenye nyumba ya wageni alisimama akasema yeye hataki kuwa wa mwisho. Anaagiza wa nje sasa. Viroba bado vinatoroka alfajiri nyingine, na wanawake bado wanakaa kwa zamu. Mwalimu anasema mashimo hayajajaa, na hajui kama yatajaa. Kasa hawajamwambia.

Madrasa iliingia Ramadhani haina plasta wala bati. Watoto walisoma barazani kwa mwalimu.

Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, Bibi alikwenda kutimiza alichoambiwa na sheikh: kulisha maskini kumi, kafara ya nadhiri iliyovunjika. Zamani angetembea tu hadi soko la matunda la hapa Mawaleh, kwa wachukuzi, lakini soko limehamishwa mbali na mjini. Nikampeleka Hamriya kwa gari, adhuhuri, na sahani kumi za pilau zilizofunikwa kwa karatasi ya fedha, pale wanaposimama vibarua wa ujenzi wanaongoja kuitwa. Alikataa nigawe mimi. Alishuka mwenyewe, akampa kila mmoja kwa mkono wa kulia.

Mwanamume mmoja wa Kibengali, saruji imemkaukia miguuni, aliuliza kwa Kiarabu chake cha kazini, "Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Niliahidi kujenga, nikashindwa."

"Kujenga nini?"

"Madrasa."

"Imebaki nini?"

"Plasta, sakafu, bati."

Alipiga hesabu kwa vidole kando ya sahani. "Watu wanne, siku kumi," alisema, akamwonea huruma kweli. "Kazi ndogo, mama. Kwa nini umeshindwa?"

Bibi alifikiri. Kiarabu anacho, hakukosa lugha. "Ilikuwa ndogo kwangu," alisema mwisho. "Haikuwa ndogo kwa watu wa pale."

Walichukua tisa. Wengine walikuwa wameshapata kazi na kuondoka, na kivuli cha maduka kilikuwa kitupu. Jua lilikuwa kali, na Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, sahani ya kumi mapajani, anahema.

"Bibi, twende. Hii tutampa mtu njiani."

"Mtu gani? Nitajuaje kama ni maskini?"

"Mungu anajua nia yako."

"Nia nilikuwa nayo tangu mwanzo," alisema, akaweka mkono juu ya karatasi ya fedha ili pilau lisipoe.

Nikazima gari. Tukangoja.