Pua Yangu na Jiko la Cucu

Hadi leo nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka, huziba pua. Heri ninuse zizi la mbuzi.

Utotoni kule Kibugu mafua yalikuja na baridi, wenzangu wakapona, mimi kamasi zikabaki. Nzito, za kijani, zikishuka kooni kutwa. Nilizimeza. Akh! Hata sasa nakunja uso. Nikiinama kuchuma chai paji la uso liligonga kwa maumivu, na pumzi yangu ilinuka uozo. Mwenyewe sikuisikia hiyo harufu. Niliijulia kwenye nyuso za watu. Shuleni, Wanja, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alihamia dawati lingine. "Usinikasirikie," aliniambia, "ni pua yangu imekataa."

Mama naye akanihamishia jikoni nilale na Cucu, nyanya yangu mzaa baba. Alisema kule kuna joto. Cucu alinifunika blanketi juu ya sufuria ya mkaratusi, kisha akanitia ugoro puani ili kichwa kifunguke. Nilipiga chafya kamasi zikaning'inia kidevuni, naye akazipangusa kwa leso yake, taratibu, huku moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi. Nilijiambia, angalau huyu hanionei kinyaa.

Pua ilizidi kuoza. Mwishowe shangazi yangu aliyekaa Majimbo, mjini Embu, alinipeleka kwa daktari. Kumbe ilikuwa sainasi sugu: vitundu vya hewa nyuma ya mashavu vimevimba, vikaziba, uchafu ukalala humo. Nilipewa dawa, na shangazi akafundishwa kunisafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

"Analala wapi?" daktari akauliza.

"Jikoni," nikajibu. "Na ugoro pia natiwa."

"Wee! Asirudi kwenye moshi huo."

Niliporudi Kibugu nimepona, Cucu alinimiminia maziwa. Yalikuwa yameoza, uvundo mtupu, naye alikuwa ameshamaliza kikombe chake.

"Cucu, husikii harufu?"

Akacheka. "Pua yangu ilikufa zamani, mwanangu. Unadhani mama yako alikuleta kwangu kwa nini?"

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na hasira ikanipanda: nilipelekwa jikoni kwa sababu nanuka, nikazidi kunuka kwa sababu nalala jikoni. Nikadhani hata Cucu hakunivumilia kwa mapenzi, ni pua tu haikufanya kazi.

Lakini macho yake yalikuwa mazima. Zile kamasi alikuwa anaziona.